Fundi anayesikiliza injini kwa meno

Saa mbili asubuhi, Masama, wilayani Hai. Pikipiki nyekundu ya zamani inaunguruma juu ya kreti mbili za soda. Eliezeri Swai ameinama mbele yake, ncha ya bisibisi ndefu imegusa injini, na mpini wake wa mbao ameubana kwa meno.

Anafumba macho. Baada ya kitambo anautoa mpini mdomoni, anaufuta kwenye shati na kutangaza kwamba tapeti moja, kile kipande kinachosukuma vali ya injini, imelegea.

Mwenye pikipiki, mwalimu Gabriel kutoka Moshi mjini, hashangai. Anasubiri fundi amgeuzie upande wa kushoto, ndipo aulize itachukua muda gani. Mlangoni kuna kibao cha mbao kilichoandikwa kwa rangi: ONGEA KUSHOTO.

Wateja wa Eliezeri, mwenye miaka 56, si bodaboda. Ni watu wanaopenda pikipiki kama wengine wanavyopenda mpira. Huyu anataka usukani uinuliwe, yule anataka shokapu ndefu, mwingine anataka sehemu ya kuchajia simu. Kwa mwezi anapokea tatu au nne, na kila moja anaiendesha mwenyewe kupanda mlima kabla ya kuikabidhi.

Ana sababu. Pikipiki iliyorekebishwa kule Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga, ikifika huku juu hukohoa, maana hewa ni nyepesi. Ni lazima kabureta ifunguliwe na kusetiwa upya. Kwa miaka thelathini kazi hiyo aliifanya kwa sikio.

Sikio la kulia ndilo lililotangulia kufa, baada ya miaka yote hiyo ya kusimama kando ya injini zisizo na silensa. La kushoto nalo likaanza kufifia.

"Niliona watu wote wameanza kunong'ona," anasema. "Kumbe ni mimi."

Akaficha kwa miaka miwili. Aliogopa, na hasemi vinginevyo: fundi asiyesikia injini, nani atamwachia pikipiki yake? Kilichomwokoa ni kumbukumbu ya fundi mmoja mzee aliyemfundisha kazi katika kiwanda cha kukoboa kahawa. Mzee yule alikuwa aking'ata bisibisi kusikiliza beringi za mashine. Eliezeri akajaribu, na mlio ukamwingia kupitia mifupa ya taya.

Injini zikarudi. Nyumbani mambo yalikuwa mengine.

Huko alikuwa na dawa moja tu: kuitikia "ndiyo" kwa kila anachoambiwa. Mkewe, Agness, anakiri kwamba mwanzoni aliifurahia tabia hiyo. Mume aliyekuwa mbishi amekuwa mpole ghafla, nani angelalamika?

Mwaka jana Agness akamwambia, akiwa upande wa kulia, kwamba Jumamosi wangekuja wazee wa kijana anayemchumbia binti yao, Gladness. Akajibu ndiyo.

Jumamosi wazee wanne wakaingia uani na mbege yao, pombe ya ndizi. Baba wa binti walimkuta chini, ovaroli imelowa oili, bisibisi mdomoni. Aliwaamkia shikamoo, akawavutia tairi wakalie, kisha akauliza pikipiki yenye shida iko wapi.

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema Agness. "Nikajua anamdharau mwanangu. Jioni nikamkalisha, nikamuuliza, 'Baba Gladness, kwani humtaki huyu kijana?' Akanijibu ndiyo. Nikamtazama machoni. Hakuwa amesikia hata neno moja. Nikalia."

Wazee walirudi wiki iliyofuata na mambo yakaenda sawa. Kibao kilipigiliwa mlangoni siku mbili baadaye, kwa mkono wa Agness mwenyewe. Eliezeri alitarajia wateja watakimbia. Aliondoka mmoja.

Siku hizi Agness hakubali "ndiyo" tupu. Akisema jambo, mumewe lazima alirudie kama mtoto wa darasa la kwanza.

Sasa fundi anaweka akiba ya kifaa cha kusikia alichopimiwa hospitali, cha shilingi laki nane, na amefika laki tano na nusu. Gabriel anamtania kwamba akishakivaa ataitupa bisibisi. Eliezeri anatikisa kichwa. Injini, anasema, haimdai kifaa chochote.

Harusi ya Gladness ni Desemba, ndugu wote watakapokuwa wamerudi nyumbani kwa Krismasi. Anataka kifaa kiwe sikioni kabla ya siku hiyo.

"Injini nisipoisikia nainama tena, nasikiliza upya," anasema, akiitafuta spana ya tapeti. "Mwanangu atasema 'nakubali' mara moja tu. Na pale kanisani sitaingia na bisibisi."