Rudisha Ulipokitoa

Zamani mtoto wa shule alimjua chura kwa kumshika, akausikia moyo wake ukidunda kiganjani. Siku hizi anaonyeshwa picha ya chura ukutani, darasa zima linapiga miayo, na hayo ndiyo wanayoyaita maendeleo.

Mwalimu wa sayansi wa shule moja wanafunzi walimwita Mzee Chura, kwa macho yaliyomtoka na miguu mirefu, naye hakununa. Kila muhula aliwapeleka darasa la saba bwawani, nyuma ya tanuri la matofali, kila mmoja na kopo lake na wavu wenye mpini wa mti. Leo ingeundwa kamati kabla mtoto hajalowesha soksi. Sheria yake ilikuwa moja: shika, tazama, rudisha ulipokitoa. Aliyeua hata ruba aliketi ukingoni mpaka mwisho. Mwenyewe hakujaliwa mtoto. Alichotaka ni hawa watoto wa watu wakue bila mikono ya kuua.

Siku moja makopo yalijaa viluwiluwi na konokono. Kiranja, binti mpole aliyeona haya hata kukohoa darasani, alimbeba chura wa kijani kama anabeba yai.

"Mwalimu, huyu anakodoa macho kama wewe!" mwenzake akatania.

"Mwamkie basi. Huyo baba yako mdogo."

Wakacheka. Ndipo mvuvi mmoja akatokea kwenye matete na dumu la sumu ya shambani, akaanza kuimimina majini. Samaki wa kwanza akaelea tumbo juu.

"Tokeni! Tokeni wote!" Mwalimu akamrukia, akalishika dumu. "Ndugu yangu, kuna watoto humu!"

"Watoto wako, njaa yangu. Achia!"

Hakuachia. Mvuvi akachomoa panga kiunoni; likamvunja mkono mwalimu, mfupa ukatokeza nje; pigo la pili likampasua shavu.

Watoto hawakukimbia. Waliyaweka makopo chini taratibu, kama walivyofundishwa, kisha wakaja na mipini ya nyavu zao. Panga likaanguka, mvuvi akafuata. Mipini ilipanda na kushuka kama michi, na mlio ukawa wa kutwanga kitu kibichi.

"Kichwa! Mpige kichwa!"

Zilikuwa sauti zile zile zilizomwamkia mwalimu asubuhi.

"Mwacheni, wanangu! Amekwisha, mwacheni!"

Nani amsikie? Akajitupa juu ya mvuvi, akamfunika kwa mwili wake. Mpini uliofuata ukamvunja taya. Alipogeuza uso, aliyeushika alikuwa kiranja.

Binti aliuinua tena, akamtambua, ukamponyoka. Wenzake wakaishusha mipini yao. Chini ya mwalimu, mvuvi alikoroma damu, lakini alikoroma.

Wafyatua matofali walikuja mbio, wakawapakia wote wawili kwenye lori lao. Kutoka sakafuni, kwenye upenyo wa ubao uliovunjika, mwalimu aliwaona watoto wake kwa mara ya mwisho. Walikuwa wamejipanga mstari ukingoni, mikono myekundu hadi viwikoni, kila mmoja na kopo lake. Kiranja akapiga magoti pale pale alipomtoa chura.

Mwalimu akataka kupiga kelele kwamba maji yana sumu. Taya halikumtii, ilitoka damu tu.

Lori likang'oka. Binti akainamisha kopo polepole, na wenzake nyuma yake wakangoja zamu, bila kusukumana, adabu tupu.