Rimoti ya Kiyoyozi

Juzi fundi alizima kiyoyozi changu, chumba kikanyamaza ghafla, nikamkumbuka anko Fadhili, mwimbaji wa bendi ya baba.

Kwa miaka mingi walihangaikia albamu yao ya kwanza. Studio hawakuiweza, kwa hiyo mchana mmoja wa kiangazi walirekodi chumbani kwetu, mtaa wa Garhoud, huku Uarabuni. Walitundika mablanketi madirishani, wakazima kiyoyozi ili mvumo wake usiingie kwenye wimbo. Baba akanipa rimoti. “Usiwashe mpaka wimbo uishe, mwanangu.”

Chumba kilinuka vumbi na jasho. Anko alikuwa ametoka moja kwa moja saiti ya ujenzi, juani tangu asubuhi. Walirudia mara sita.

“Yalla, mara moja tu, halafu khalas,” alisema akicheka, midomo imemkauka.

Katika ubeti wa mwisho aliteleza ukutani taratibu, akaketi, akafumba macho. Wenzake walikuwa wameinamia magitaa yao. Nilidhani anapumzika. Nikaishika rimoti kwa mikono miwili, nikijivunia utiifu wangu.

Albamu ilitoka tulipokwisha kumzika. Wimbo ule ndio wa mwisho. Sauti yake inakatika, magitaa yanaendelea mpaka yanamaliza, kisha unasikika mlio mdogo. Ni mimi huyo, nawasha kiyoyozi.