Pipa la Petroli kwa Safari ya Nyika ya Magadi

Hivi karibuni mtu niliyefanya naye kazi zamani alisimulia, mbele ya wanangu, kwamba nilipokuwa afisa usafiri niliwahi kuteketeza petroli ya umma kwa kuzungusha Landrova mchangani, katika miaka ile ambayo wenye magari walilala kwenye foleni za mafuta na Jumapili alasiri gari binafsi halikuruhusiwa barabarani. Watu wakacheka. Ni kweli niliizungusha. Nilipewa hata barua ya karipio, na ninayo hadi leo. Lakini sababu yake haikusimuliwa, na jambo la nusu linanikera kuliko uongo mzima.

Ofisi yetu ilikuwa Mchafukoge, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Tulipewa kazi ya kuwapeleka wataalamu wawili wa maji kwenye nyika kavu ya kaskazini, upande wa ziwa la magadi, wakatafute mahali pa kuchimbia visima vya vijiji vipya. Baada ya mji wa mwisho wenye pampu ya petroli kulikuwa na kilomita mia sita za kwenda, kuzunguka na kurudi, pasipo duka, pasipo kituo, pasipo mtu wa kumwomba hata lita moja. Kazi yangu ilikuwa kusema wachukue mafuta kiasi gani.

Hesabu ilionekana nyepesi. Waraka wa ofisi ulikuwa umeweka kiwango cha kilomita sita kwa lita. Kwa hiyo lita mia moja zingetosha, yaani tangi lililojaa na madumu mawili. Hata hivyo sikuwa mtu wa kuandika tarakimu bila kuangalia ilikotoka. Nikavuta vitabu vya safari vya miaka mitatu, na hapo ndipo udadisi uliponishika. Songea wakati wa masika, tope hadi kwenye ekseli: sita. Morogoro kwa lami: sita. Gari jipya, sita. Gari lililokuwa likitoa moshi kama tanuri la mkate, sita pia. Sikupata kuona chombo chenye nidhamu ya namna ile.

Nikamwita dereva aliyepangiwa safari, mtu mzima wa kutoka kusini, aliyenizidi umri kwa miaka kumi na mitano. Mbele za watu aliniita Ndugu Afisa. Tukiwa wawili, mwanangu. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwonyesha safu ile ya sita. Aliitazama, kisha akainuka na kufunga mlango.

"Hicho si kipimo cha gari, mwanangu," akasema. "Hicho ni kipimo chenu."

Alinieleza kwamba waraka ulipotoka, dereva mmoja aliandika kwa uaminifu kuwa gari lilikuwa limekula zaidi. Aliitwa ajieleze, akasimamishwa kazi kwa kushukiwa kuuza mafuta. Tangu siku hiyo wote waliandika sita. Petroli ilipopungua njiani, walipakia abiria au magunia ya mkaa, na kwa nauli hiyo wakajaza tangi. Vitabu hivyo nilikuwa nikivitia sahihi mimi mwenyewe, kila mwisho wa mwezi, kwa wino mweusi.

Nikamuuliza huko nyikani angefanyaje.

"Huko nitampakia nani? Twiga?"

Nilicheka peke yangu, nikaacha. Yeye alikuwa akinitazama tu.

Nilitaka basi kujua gari lile lilikula kiasi gani hasa. Jumamosi asubuhi tuliipeleka Landrova kwenye bonde la Msimbazi, pale Jangwani, walipokuwa wakichimba mchanga wa ujenzi. Tulijaza tangi mpaka petroli ikaonekana mdomoni, tukapakia magunia ya mchanga yenye uzito uliokaribiana na wa wataalamu, vyombo vyao na maji ya kunywa. Kisha dereva akatia gia ndogo, magurudumu yote manne yakivuta, tukaenda na kurudi kwenye mchanga laini mpaka zikatimia kilomita ishirini. Wachimbaji waliacha sepetu zao. Mmoja akatuuliza kama huko ofisini kazi zilikuwa zimekwisha, mwingine akataka kujua tulichokuwa tumepoteza. Tulipojaza tangi tena kwa kopo la lita, ziliingia lita saba na kidogo. Kwa maneno mengine, gari halikufikisha hata kilomita tatu kwa lita. Lita mia moja zingewaacha watu watatu katikati ya nyika, kabla ya nusu ya njia.

Jumatatu nilikwenda Kariakoo kutafuta pipa. Muuza mapipa alikuwa mtu wa Kilimanjaro, na lori la kaka yake lilikuwa likipita kaskazini kila wiki. Kwa nusu saa alinifundisha mambo ambayo hakuna waraka ulioyataja. Pipa lazima linuswe kwanza, maana lililokuwa na mafuta ya kula halisafishiki kwa maji. Lisijazwe pomoni, kwa kuwa jua la kule huivimbisha petroli. Nilipomwambia kwamba litakaa garini safari nzima, alitikisa kichwa.

"Ndugu yangu, pipa hilo litajinywa lenyewe njiani."

Alikuwa sahihi, sehemu ya mafuta ingetumika kubeba mafuta. Alinishauri lishushwe kwenye josho la ng'ombe ukingoni mwa nyika, lifunikwe kivulini, na gari lizunguke kutokea hapo likiwa jepesi.

Niliandika ombi la pipa moja la petroli, lita mia mbili, juu ya zile mia za waraka. Mkuu wangu alilisoma mara mbili. Aliniambia, bila kupandisha sauti, kwamba ikiwa gari linakula hivyo, basi vitabu vya miaka mitatu ni vya uongo. "Andika hivyo," akasema. "Nitasaini mafuta, na siku hiyohiyo nitasaini barua za kuwasimamisha madereva wote."

Nilimkuta dereva kule Feri, kwenye soko la samaki, akila samaki wa kukaanga wakati wa chakula cha mchana. Nikamweleza. Alipangusa vidole kwa gazeti kabla ya kujibu.

"Ukiandika, nitakaa nyumbani sina kazi. Usipoandika, nitakaa nyikani sina petroli. Fikiri taratibu, mwanangu, ila safari ni Alhamisi."

Alasiri nzima niliusoma waraka. Ulihusu safari za barabarani; mahali pasipo barabara haukupataja. Nikaandika upya. Nilieleza kwamba kwa safari za mchangani ofisi haikuwa na kiwango chochote, kwamba mimi, kwa uamuzi wangu, nilifanya jaribio, na kwamba matokeo yake yalikuwa haya. Kuhusu vitabu vya zamani sikuandika neno. Ilikuwa mara ya kwanza kuacha nje ya jalada jambo nililolijua, na niliona kalamu nzito.

Mkuu alielewa vizuri nilichokifanya. Aliuliza petroli ya jaribio iliidhinishwa na nani. Nikamjibu kwamba niliidhinisha mimi. Akatia sahihi ombi la pipa, akanirudishia, kisha akamwita mpiga taipu na kumsomea barua ya kunikaripia nikiwa bado nimesimama.

Walirudi siku ya kumi na mbili, wakiwa weupe kwa vumbi la magadi kutoka nywele hadi viatu. Mtaalamu mmoja alilalamika juu ya chakula. Dereva alisubiri waondoke, kisha akaniambia kwamba walirudi joshoni kujaza wakiwa na petroli iliyofunika tu kitako cha tangi, baada ya siku tatu za kutoona hata nyayo za ng'ombe. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, asiuachie upesi. Aliendesha magari ya serikali mpaka akastaafu kwa heshima, na watoto wake wote walisoma.

Kiwango cha mchangani kiliingizwa katika waraka uliofuata, bila kutaja kilikotoka. Barua yangu ya karipio ilibaki katika jalada langu, nayo ilisomwa mara mbili nilipostahili kupandishwa cheo. Sikuikatia rufaa, maana rufaa ingehitaji kueleza kwa nini nilikwenda Jangwani, na dereva alikuwa bado kazini.