Albamu ya Vesta Halcomb na jina ambalo bibi yake hakuliimba

Saa kumi na moja alfajiri, taa ya jikoni kwa Vesta Halcomb inawaka, na mwenyewe ameshamenya nusu ndoo ya matufaha. Anaimba huku anamenya, kwa sauti ya chini, maana jioni ana kazi ukumbini na koo la mtu wa miaka sabini na miwili halitaki papara. Kisu kinamteleza. Anajikata kidole gumba, anakinyonya, anaendelea.

"Kisu kipya hiki," anasema. "Hatujazoeana."

Kile cha zamani kimeviringishwa kwenye taulo na kuwekwa juu ya kabati. Alikirithi kwa bibi yake, akakitumia tangu alipoolewa, na sasa hakigusi. Ukimuuliza, anakuambia usubiri kwanza mikate iive.

Hapa Laurel Lick, bonde jembamba la mashariki mwa Kentucky, hakuna asiyemjua Vesta. Ujanani alizunguka majimbo na basi la bendi, nywele zimepandishwa juu na gauni lina nyota, akiimba muziki wa kantri wa walevi na walioachika. Enzi hizo zilipita. Alirudi kwao, na kila Ijumaa anaimba ukumbini kwa dola mia moja na ishirini, huku mikate yake ya tufaha ya kukaanga ikiuzwa mlangoni. Kuna wanaokuja kwa ajili ya mikate tu, na yeye anawajua kwa majina.

Mwaka jana Delbert Roark, aliyempigia fidla kwa miaka arobaini, alimjia na wazo.

"Alisema, 'Mama, wewe na mimi tuna mguu mmoja kaburini. Kabla hatujaingiza wa pili, hebu turekodi zile nyimbo za jikoni kwa bibi yako,'" anasimulia Vesta. "Nikamwambia, mguu wa kaburini ni wako, mimi miguu yangu inauma tu."

Wakaingia kwenye kanisa lisilotumika, wakasimamisha maikrofoni moja, wakaimba. Fidla, banjo na sauti ya Vesta, basi. Hakuna ngoma, hakuna gitaa la umeme. Nyimbo zote kumi na mbili alifundishwa na bibi yake, Sarilda, wakichambua maharage barazani, na ukisikiliza rekodi hiyo utadhani imetengenezwa kabla umeme haujafika bonde hili.

Wimbo wa saba ndio uliokuwa roho ya albamu. Unamhusu Lottie, msichana aliyechomwa kisu kando ya kijito na mchuuzi mpita njia aliyemdanganya kuwa atamuoa. Nyimbo za mauaji ni za kawaida milimani huku. Watu huwaimbia watoto wakiwabembeleza, na hakuna anayeona ajabu.

Mwezi wa tatu, kabla kanda haijapelekwa kiwandani, Vesta aliwaalika majirani ukumbini waje kuisikiliza. Kila mtu alikuja na chungu chake: maharage, mkate wa mahindi, kuku. Miongoni mwao alikuwamo Imogene Spurlock, bibi wa miaka themanini na minne kutoka ng'ambo ya kilima, aliyeletwa na mjukuu wake. Alikaa karibu na spika, sahani mapajani, akila taratibu.

Wimbo wa saba ulipoanza, Imogene alianza kuimba pamoja na spika. Watu walitabasamu. Kisha spika ikaimba:

*Mchuuzi alimshika mkono, akamwita mpenzi.*

Na Imogene, bila kuinua macho kwenye sahani, akaimba:

*Elihu alimshika mkono, akamwita mpenzi.*

Elihu Halcomb ni babu yake Vesta. Mume wa Sarilda. Mzee wa kanisa, aliyezikwa kwa heshima zote.

Uma zikasimama. Delbert akadhani ni utani, akacheka peke yake, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Ubeti uliofuata, Elihu. Uliofuata, Elihu tena. Wimbo kwenye spika ukaisha, lakini Imogene hakuacha. Alikuwa na ubeti mmoja zaidi, ambao Vesta hakuwahi kuusikia maisha yake yote:

*Kisu akakiosha mtoni, shaba mpinini ikang'aa,*
*Akarudi nacho kwa mama, kikamenya matufaha.*

"Nilisimama, nikaenda jiko la ukumbi kunywa maji," anasema Vesta. "Na kisu changu kilikuwa pale pale, ndani ya beseni la maganda."

Mpini wake umezungushiwa waya wa shaba. Alikuwa amekitumia asubuhi hiyo hiyo. Nusu ya watu waliokuwa ukumbini walikuwa na mikate yake mdomoni.

Delbert alimfuata jikoni. Vesta alimwonyesha kisu kwa kidole. Mpiga fidla huyo, anayejulikana kwa mdomo usiofunga, aliketi juu ya gunia la unga akakitazama tu.

Haya si mambo ya kusikia ukiwa na miaka sabini na miwili. Mtu anajenga maisha juu ya nyimbo za bibi, halafu wimbo unageuka na kumtazama usoni.

Kilichomvuruga zaidi ni kumbukumbu aliyokuwa nayo siku zote bila kuielewa. Sarilda aliimba wimbo ule barazani tu, na buti za babu zikisikika ngazini alikata katikati ya neno, akageukia habari za kuku. "Nilidhani babu hapendi muziki," anasema Vesta. "Miaka yote hiyo, ndivyo nilivyowaambia watu jukwaani, nikawachekesha."

Mdogo wake wa kiume, Coy, alifika kesho yake kabla hata ya kahawa. Hakukaa.

"Dada, utoe huo wimbo," alimwambia. "Albamu ina nyimbo kumi na mbili. Kumi na moja zinatosha."

"Na yule msichana?"

"Msichana alikufa kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Babu ndiye aliyetubeba mgongoni. Unataka kumfukua?"

"Coy, hata mimi alinibeba. Ndiyo maana silali."

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa ndefu, karibu miaka mia, na ilipita katikati ya jukwaa la Vesta. Kiwanda kilikuwa kinasubiri kanda. Akiuacha wimbo ulivyo, ataukabidhi uongo kwa wajukuu kwa sauti yake mwenyewe. Akiutoa, Lottie atazikwa mara ya pili. Akiuimba kwa haki, ndugu zake hawatakanyaga kwake.

Alimweka Delbert kwenye usukani, wakavuka kilima kwenda kwa Imogene. Vesta alikuwa amebeba kile kisu ndani ya taulo. Imogene aliwakaribisha kahawa, akaambiwa kilichomo, akakisukumia mbali kwa kiganja.

"Kisu sikitaki, mdogo wangu. Nikifanyie nini, nimenyee viazi?"

Lottie alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, miaka kumi na tisa. Kwao wimbo uliimbwa na jina lake halisi, lakini ndani ya nyumba tu, milango imefungwa, kwa sababu akina Halcomb walikuwa wengi na wenye kanisa. Hakuna aliyeshtakiwa. Habari za mchuuzi zilitungwa baadaye, na bonde zima likaona zinafaa.

"Ukumbini nilisikia wimbo wetu unatoka kwenye spika," alisema Imogene. "Mdomo ulikwenda wenyewe. Sikuja kukuaibisha."

Vesta akamuuliza lile swali linalomkosesha usingizi: bibi yake alijua, angeweza kunyamaza kabisa. Kwa nini alimfundisha?

Imogene alikoroga kahawa. "Aliishi naye nyumba moja, alipika, alizaa. Angemwambia nani? Labda alikupa wewe wimbo ili siku moja mtu akuulize."

Hapo Vesta alilia, na anasema haoni haya kulisema gazetini.

Wiki iliyofuata walirudi kwenye lile kanisa na kuurekodi upya, sauti tupu, bila fidla. Mara ya kwanza alifika kwenye jina akakwama. Mara ya pili vile vile. Delbert akamwambia, "Mama, liteme au ulimeze, mimi nyonga inaniuma." Mara ya tatu akalitaja, na ubeti wa kisu akauimba wote. Kanda imeshakwenda kiwandani. Coy hapokei simu.

Lakini si albamu inayomtisha. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu ni siku ya kupamba makaburi, koo zote zinapanda kilimani na majembe, vyakula na maua, na kila ukoo unapamba wa kwao. Lottie naye amelala kule, chini ya jiwe la mtoni lisilo na maandishi. Kila mwaka Vesta alilipita akielekea kwa babu yake, na mwaka mmoja, anakumbuka, aliweka juu yake kapu lake la chakula. Imogene amemwomba auimbe wimbo pale, mbele ya watu wote, na amekubali.

Mikate ya leo imeiva. Vesta anafuta unga mezani na kuanza kazi nyingine, ya maua ya karatasi, ambayo anayachovya kwenye nta ili mvua isiyaharibu, kama alivyofundishwa na Sarilda. Kapu moja limeshajaa maua mekundu na meupe. Hilo ni la Lottie. Pembeni, kwenye kikombe, kuna ua moja peke yake.

"Hilo ni la babu," anasema, kabla hajaulizwa. "Nitampelekea baada ya kuimba. Atakuwa amesikia."