Seabata na Farasi Aliyemkataa Mlimani

Mdogo wangu Seabata alinenepa tangu alipooa, na sisi tulijisifia. Mwanamume akiwa na tumbo, watu wanajua mkewe anapika. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijiji vya milimani, kunywesha kondoo dawa ya minyoo na kuhasi madume. Kila boma alilofika walimtengea ugali, nyama yenye mafuta, na pombe ya mtama ya kushushia. Kukataa chakula ni kumtukana mwenye nyumba, na Seabata hakuwahi kumtukana mtu.

Farasi aliyempanda alikuwa wangu. Farasi huyo, jina lake Serame, niliachiwa na marehemu mume wangu, nami nilimwazima Seabata kwa sababu ni damu yangu. Basi siku moja, baridi ikianza kuingia, Serame alifika kwenye jiwe jeupe, pale mlima unapokuwa mkali juu ya kijiji chetu, akasimama. Seabata akampiga visigino. Farasi akageuza shingo, akamtazama kama mama mkwe anavyomtazama mtu aliyeongeza nyama mara ya tatu. Hakusogea mpaka Seabata aliposhuka. Aliposhuka tu, farasi akapanda mlima mwenyewe, Seabata nyuma yake anahema.

Kwetu Lesotho mwanamume hatembei kwa miguu nyuma ya farasi wake mwenye tandiko tupu. Na jiwe lile linaonekana kutoka kila mlango.

"Ndugu Seabata," Mohapinyane alimwita kesho yake, watu wakiwepo, "nasikia siku hizi farasi unamchunga, humpandi."

Huyu Mohapinyane alifanya kazi ileile akiwa juu ya punda mzee. Mwembamba kama ufito, na alikwisha kuniomba Serame mpaka nikachoka kumjibu.

Nilimwita ndugu yangu nyumbani kwangu. "Farasi wa mume wangu hatakufa chini ya makalio yako. Ikifika siku ya kukata manyoya ya kondoo na hajakupandisha mlima ule ukiwa juu ya tandiko, anakwenda kwa Mohapinyane."

"Dada, utampa mtu baki?"

"Mtu baki mwepesi."

Alijua sirudishi neno. Na kondoo wote wa maana wako ng'ambo ya mlima. Bila farasi hana kazi.

Kwanza akajifanya dume, akaacha kula kabisa. Siku ya tatu mkewe, MaLineo, alimkuta jikoni amekumbatia chungu cha maharage, kijiko amekitupa, anachota kwa mkono. MaLineo hakumgombeza. Alisubiri amalize kutafuna, akamwambia, "Acha kitu kimoja. Ukishazoea kukikosa, acha kingine. Ulichokiacha usirudi kukichukua."

Akaanza na sukari. Chai yake ilikuwa nzito kama uji. Alipunguza kidogo kidogo mpaka siku moja akaisikia chai yenyewe, akalalamika kwamba maisha yake yote amedanganywa. Alipokwisha kuizoea hivyo, akaigeukia pombe ya kwenye maboma: anapokea, anaonja, anampa mzee wa boma amalizie. Wazee wakaanza kumpenda kupita kiasi. Baadaye sahani nayo ikageuka, mboga za majani zikawa nyingi na ugali ukakaa pembeni kama mgeni. Mandazi ya asubuhi ndiyo yaliyomtoa machozi.

Lakini kila alipokwenda kazini, Serame alisimama kwenye jiwe jeupe. Seabata anashuka, anapanda kwa miguu. Theluji ikaanguka, anapanda kwa miguu. Akirudi nyumbani anaacha kitu kingine.

"Baba Lineo, umepungua," mkewe akamwambia.

"Nimepungua wapi? Farasi anasema bado."

"Mimi ninalala na wewe, farasi analala zizini."

"Wewe unanipenda. Farasi hana sababu ya kunidanganya."

Sisi wengine tungejuaje? Baridi yetu ni ya blanketi kutoka shingoni mpaka kwenye buti. Hata ukificha mbuzi humo hakuna atakayekuuliza.

Siku ya kukata manyoya ikafika. Kijiji kizima kilisimama milangoni. Seabata, ili awe mwepesi, akavua buti, akavua na blanketi. Nikashtuka. Suruali ilikuwa imefungwa kwa kamba, imekunjamana kiunoni kama mdomo wa gunia. Akapanda farasi, wakaenda vizuri mpaka kwenye jiwe.

Serame akasimama.

Seabata akashuka, akaja na soksi zake mpaka nilipo, akanipa hatamu. "Mchukue, dada." Hakunitazama. Sikupenda, lakini neno nilikwisha kulisema, nikamwita Mohapinyane. Alikuwa amekuja na tandiko lake kabisa.

Akapanda kwa madaha. Wakafika kwenye jiwe, farasi akasimama. Mohapinyane akapiga mbinja, akapiga visigino, akatoa fimbo. Farasi akageuza shingo, akamtazama. Mohapinyane aliposhuka kumvuta, Serame akampita, akapanda mlima na tandiko la watu.

MaLineo ndiye aliyeanza kucheka. Farasi alizoea, kwake yeye pale ndipo watu wanaposhuka, wawe wanene au fito.

Mohapinyane alirudi baadaye anamvuta Serame, tandiko begani. "Mama, farasi huyu ameharibika. Simtaki."

"Mimi nimekupa," nikamwambia mbele ya watu wote. "Umekataa mwenyewe." Kwa hiyo neno langu sikulirudisha. Nikamrudishia Seabata hatamu.

"Kumbe nilikuwa mwepesi tangu lini?" akauliza.

"Tangu theluji ya kwanza," akasema MaLineo. "Nilikwambia, ukamsikiliza farasi."

Watu walimshauri amchape farasi aache tabia ile. Hakumchapa. Anasema akifika pale miguu yake nayo inataka kushuka. Kesho yake walivuka mlima kwenda kazini, farasi mbele, yeye nyuma anaimba. MaLineo alibaki mlangoni anapunguza suruali zake, na kitambaa alichokata kilitosha kunishonea mto. Ninaukalia hadi leo.