Laini Iliyopita Juu ya Bati la Chepchumba

Mwaka 1996 kiwanda kipya cha chai upande wa Boito kilitaka kuungwa na stima ya njia kuu, na laini ilibidi ikate katikati ya mashamba ya watu. Wa kuwashawishi alikuwa mmoja tu, Hezekiah. Akisema jambo pale mtaani, watu hawaulizi mara ya pili.

Aliyemtuma ni Kimutai, mwenyekiti wa kiwanda na bakule yake: walitahiriwa siku moja, wakauguza vidonda katika kibanda kimoja.

"Mtupe njia," Kimutai alisema, ameketi nyumbani kwa Hezekiah. "Laini ikiwaka tu, kila nyumba iliyo chini yake itapata stima."

Hezekiah akataka hilo liandikwe. Kimutai, kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, mkononi, akakishusha bila kunywa.

"Bakule, nikuandikie karatasi? Kama watu waliokutana sokoni?"

Hezekiah akaona haya mpaka shingoni. Wakanywa, yakaisha.

Akapita nyumba kwa nyumba. Aliyesita ni Chepchumba, mjane, mwenye blugamu kumi na nne kwenye njia ya laini, miti iliyompa kuni miaka yote.

"Nazikata kwa sababu umesema wewe," akamwambia. "Hicho kiwanda sikijui."

Agosti laini ikawaka. Feni za kunyaushia majani zikanguruma kiwandani. Nyumbani koroboi zikaendelea kutoa moshi. Chepchumba hakukosa kumwona Hezekiah njiani.

"Hiyo stima yako ina haraka, baba. Inapita juu ya bati langu, hata hodi haibishi."

Mwishowe Hezekiah akaenda Kericho, ofisi ya stima. Fundi mmoja, Gichuki, akamfungulia faili.

"Mzee, kutoa tawi hapo si shida. Transfoma moja ingewatosha. Lakini mteja mkubwa aliyejengewa laini lazima akubali. Tulimwandikia."

"Akajibu nini?"

Gichuki akamgeuzia barua. Nyumba zikiungwa, nguvu itashuka, feni zitalegea, majani yataharibika. Kwa hivyo hapana. Chini kulikuwa na sahihi ya Kimutai. Hezekiah akasoma tarehe, akarudia kuisoma. Ilikuwa siku tatu kabla ya siku ile walipokunywa kile kibuyu.

"Kumbe kuandika anajua," akasema.

Hakumfuata Kimutai. Blugamu ikikatwa huchipuka, na mvua za mwaka uliofuata zilipokwisha, matawi yalikuwa yanagusa nyaya. Kiwanda kilizimika mara mbili wiki moja. Kimutai akaja mwenyewe, akavua kofia, akaketi pale pale alipoketi zamani. Tecla, mke wa Hezekiah, akaingia na kibuyu.

"Bakule, zungumza na yule mama akate. Wewe anakusikia."

"Tecla," Hezekiah alisema, "rudisha hicho kibuyu. Niletee kalamu na karatasi."

Kimutai akacheka. Akamtazama Tecla ili acheke naye, lakini Tecla alikuwa ameshageuka na kibuyu chake, anaenda kutafuta kalamu.