Popo wa Dari na Popo wa Mti

Walimu wenzake walimwita Mama Popo kwa kumkebehi, naye akaitikia kama jina alilopewa na wazazi wake. Alifundisha biolojia na kuongoza idara yake katika shule ya bweni. Mumewe, fundi seremala, alipenda kuwatania majirani: "Siku hizi hata mimi nalala kichwa chini."

Mwaka mmoja bweni la wasichana lilianza kunuka mkojo wa popo. Mkuu wa shule akatangaza kikaoni kwamba dari litapigwa dawa, na ule mti mkubwa nyuma ya jiko, uliojaa popo, utakatwa.

"Ni wa aina mbili hao," Mama Popo alisema.

"Popo ni popo, mwalimu."

"Wako oda moja, yaani kundi moja kubwa la wanyama, sawa. Hata wewe na tumbili mko oda moja, mbona hatujakutafutia mti?"

Watu waliangua kicheko. Mkuu hakucheka.

Mama Popo hakukaa. Wale wa darini, alieleza, ni wadogo, wenye mkia uliochomoza; wanakula wadudu, wanapenda mapaa na mianya, na wako tele. Wangojewe watoto wao waweze kuruka, kisha jioni wakishatoka wote, matundu yazibwe. Watapata paa lingine. Wale wa mtini ni wa familia nyingine kabisa. Wanakula matunda, wanaishi kwa makundi kwenye miti mirefu, na idadi yao inazidi kushuka. Wanakaribia kuingia katika hatari ya kutoweka. "Mti kama huo hapa mjini umebaki mmoja. Mkiukata, waende wapi?"

"Bodi imeshaamua," mkuu alijibu.

Siku ya kukata, mwenye msumeno alimkuta Mama Popo ameegemeza ubao kwenye shina, anafundisha, darasa zima limekaa chini.

"Sogea kidogo, mama yangu."

"Sisogei. Na kipindi changu hakijaisha."

Mwenye msumeno alizima mashine, akamtazama mkuu aliyesimama kando, akaondoka zake. Hakuitwa tena.

Watoto wa popo walipoweza kuruka, mume wa Mama Popo alipanda darini na wavu wa waya, akaziba matundu, harufu ikaisha bila dawa. Mti ukabaki. Lakini Mama Popo alivuliwa ukuu wa idara, na cheo kile hakukionja tena. Iliuma, hakuficha. Mkuu mpya wa shule alipokuja, alimshauri Mama Popo aombe radhi kwa bodi ili arudishiwe cheo.

"Radhi?" alisema, akikusanya madaftari yake. "Wakitaka kukata tena, waambie bado nipo."